Bahari kutoka Siti ya Mbele

Tangu alfajiri Mama Sare alikuwa na kiherehere cha bibi harusi. Alikuwa amejishonea suruali mpya kwa kitambaa kilekile cha sare za shule kilichompa jina, cha buluu kisichochanika hata ukipanda nacho mti, akaibana miguuni isije ikanaswa na mnyororo. Aliivaa, akajitazama mbele na nyuma kwenye kioo cha chumba cha cherehani, akacheka peke yake. Mwanamke mzima mwenye wajukuu anakwenda kuendesha baiskeli kuvuka vilima mpaka pwani. Majirani watasema nini? Waseme, midomo ni yao.

Sebuleni mumewe alikuwa amekwisha kuvaa, ameketi wima, kofia ngumu ya baiskeli iko kichwani tayari, ndani ya nyumba. Watu walimwita Dereva, na jina hilo alilipata kwa haki. Aliendesha treni ya kwenda pwani tangu ujana wake mpaka siku reli ilipofungwa, na tangu ifungwe alikaa kwenye kochi kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Haumwi, halalamiki, hagombani na mtu. Anasikiliza redio, anakula, analala. Mama Sare, aliyezoea mume wa kurudi na harufu ya dizeli na hadithi tele, alimlilia mume yule kimoyomoyo kana kwamba amefariki, na huku yupo mbele yake anaomba chai.

Halafu reli yenyewe ikang'olewa. Watu walidhani habari hiyo ndiyo itammaliza. Palipokuwa na reli pakamwagwa changarawe laini, ikashindiliwa, vikasimamishwa vibao: njia ya baiskeli na waendao kwa miguu, vyombo vya moto marufuku. Binti yao wa mwisho, fundi baiskeli ambaye kucha zake ni nyeusi kwa grisi kuliko za baba yake enzi zile, akapanga chumba cha tiketi cha stesheni ya zamani na kukijaza baiskeli za kukodisha. Siku moja akaja nyumbani, hata hajakaa, akasema, "Baba, nimepata baiskeli ya watu wawili. Nendeni wewe na mama mpaka pwani. Jioni nitawafuata na pikapu."

Dereva akazima redio. Mama Sare hakuamini macho yake. Redio ile ilikuwa haizimwi hata na taarifa ya msiba.

"Mbele anakaa nani?" Dereva akauliza.

Sauti ilikuwa ya yule mume wa zamani. Mama Sare alikimbilia jikoni kwa kisingizio cha kuangalia maji, akasimama pale akijifuta macho kwa pindo la kanga.

Lakini swali lile lilimchoma pia, na lilimchoma kwa sababu ya kona moja. Dereva aliiita Dirisha. Iko karibu na mwisho wa njia: treni inatoka kwenye handaki, inapinda, na bahari inakurukia usoni yote kwa mpigo, bila hodi. Kila jioni ya ndoa yao, akivua viatu, Dereva alimweleza mkewe jinsi bahari ilivyokuwa siku hiyo. Leo ilikuwa kijani. Leo imechafuka, povu tupu. Leo imelala kama shuka lililopigwa pasi. Mama Sare, mguu kwenye pedeli ya cherehani, alisikiliza mpaka uzi ukamkatikia. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda treni hiyo mara kadhaa na hakuambulia kitu. Upande mmoja wa behewa ni mwamba, upande wa pili ni ukuta wa mawe uliozidi urefu wa madirisha, na ukuta ukiisha mmeshazama kwenye miti ya stesheni. Bahari ile ilikuwa ya mtu wa mbele tu, anayeiona juu ya ukuta toka mdomoni mwa handaki, na kwenye chumba cha dereva, kanuni ni kanuni, haingii mke wala mama mzazi.

Kwa hiyo Mama Sare alikuwa na haja moja, na haja hiyo ilimkaa kooni: kutoka kwenye handaki lile akiwa yeye ndiye wa mbele. Hakutaka kuoneshwa picha. Hakutaka kushushwa kwenye baiskeli na kutembezwa mpaka ukingoni kama mgonjwa aliyepata nafuu. Alitaka bahari imrukie na yeye, kama ilivyomrukia mwenzake maisha yote. Sasa mume aliyefufuka kwa ajili ya siti ya mbele utamwondoaje kwenye siti ya mbele? Akanyamaza. Akasema moyoni kwamba njia ni ndefu, mambo yatajipa.

Stesheni walimkuta binti yao amekwisha kuitoa baiskeli nje, nyekundu, ndefu kama benchi la hospitali. Usukani wa mbele unageuka, wa nyuma umekazwa, ni wa kushikilia tu. Dereva aliizunguka, akaigonga matairi kwa kisigino, akainama kukagua breki, akaangalia saa.

"Bado," akasema.

"Bado nini, baba?"

"Muda wa kuondoka."

"Hapa hakuna muda wa kuondoka. Mnaondoka mkitaka."

Dereva alimtazama binti yake kwa huruma, kama mzazi aliyegundua kwamba ada yote ya shule ilipotea bure, na akasubiri mpaka mshale ukafika pale alipoutaka yeye. Ndipo akapanda.

"Mama, shikilia vizuri," binti akasema. "Na wewe baba, kona zinakatwa. Umenisikia? Ukifika kwenye kona, geuza usukani."

"Wewe mtoto, njia hii nimeipita kabla hujazaliwa."

Wakaondoka wakiyumba, kisha wakanyooka, na mara upepo ukaanza kumpuliza Mama Sare masikioni. Alijisikia mwepesi. Kona ya kwanza iko nyuma tu ya ghala la mizigo. Njia ilikwenda kulia. Dereva aliegemeza mwili kulia kwa ustadi, akapiga kengele kuwaonya wasiokuwapo, na bila kusita akaenda moja kwa moja, akawaingiza wote wawili kwenye majani marefu mpaka kiunoni.

Panzi alitua kwenye kofia ya Mama Sare, akatafakari, akaondoka.

"Mzee," akasema, "mbona hukugeuza?"

Dereva alikuwa anautazama usukani kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Nilikuwa nasubiri njia inipeleke," akasema.

Mama Sare alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe! Mwanaume huyu alikuwa amepita kona zote za vilima hivi maisha yake yote, na hakuwahi kukata hata moja. Reli ndiyo iliyokata. Kazi yake yeye ilikuwa kwenda na kusimama. Dereva alijaribu kununa, akashindwa, naye akaanza kucheka, na Mama Sare akakumbuka kwamba tangu reli ifungwe hajausikia mlio ule.

Kona alizijua baada ya kutembelea majani mara nyingine mbili. Breki ilikuwa kesi nyingine. Treni huanza kufungwa breki stesheni ikiwa bado haionekani, na Dereva alipoona nguzo fulani kuukuu aliyoizoea, vidole vyake vikafunga vyenyewe. Baiskeli ikasimama katikati ya pori, kituo hakionekani wala hakinusiki. Ikabidi washuke wakokote. Kundi la vijana wa chuo waliovaa kaptura za kubana likawapita, mmoja akapunguza mwendo kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Mmepata pancha?"

"Marahaba. Hapana, tunaingia stesheni," Dereva akajibu, na uso wake haukucheza hata kidogo.

Baada ya hapo safari ikakolea. Njia ilipanda kwa upole, kwa sababu treni haiwezi mlima mkali, ikazunguka kilima kimoja baada ya kingine, na kila ilipozunguka ilifungua bonde jipya. Hakukuwa na honi wala moshi. Hakukuwa na mtu wa kukubana pembeni na kukutukania mama yako. Mama Sare alisikia changarawe chini ya matairi, kengele za mbuzi upande wa pili wa bonde, na pumzi yake mwenyewe. Walipita kuta za mawe zilizojengwa ngazi kwa ngazi kushikilia udongo, kazi ya mikono ya watu waliokwisha kusahaulika. Walipita mnara wa walinzi wa zamani, umebaki nusu, mti umeota ndani na kutokeza kichwa juu kama mpangaji anayechungulia. Kwenye daraja refu la mawe Mama Sare alitazama chini, mto ukiwa mwembamba kama uzi, na badala ya kuogopa akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Mbele yake Dereva alikuwa haishiwi maneno. Pale alisimama siku ya mafuriko. Pale ng'ombe alikataa kutoka relini, ikabidi ashuke aongee naye. Kwenye mteremko aliachia breki, baiskeli ikaanza kuimba, suruali ya sare ikapepea, na Mama Sare akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, mdomo umejaa upepo. Furaha ilimpanda mpaka akaiogopa. Lakini alichokuwa anakiona mbele, safari nzima, kilikuwa shati. Shati jeupe, alilolishona mwenyewe, kwenye mgongo mpana kama kabati. Akichungulia pembeni baiskeli inayumba, na Dereva anamkemea, "Tulia wewe abiria."

Abiria. Neno hilo lilimwingia kama sindano chini ya ukucha.

Walipumzika kwenye kituo kidogo kilichobaki ukuta na benchi, wakala mkate na mayai ya kuchemsha. Mbele yao, hatua chache tu, mdomo wa handaki ulikuwa wazi, mweusi, unatoa ubaridi. Dereva alitafuna huku akiutazama, macho yanang'aa kama ya mtoto siku ya kufunga shule.

"Hapo ndani," akasema, "ukitoka tu, Dirisha."

"Najua."

"Leo sijui ina rangi gani. Ukitulia vizuri nitakuambia."

Basi hapo ndipo uvumilivu wa Mama Sare ulipofika kikomo. Atamwambia! Amekanyaga pedeli tangu asubuhi, mapaja yanawaka moto, amefika mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, halafu ataambiwa! Akafunika chombo cha mayai, akakikaza.

"Mzee, handaki hili nakaa mbele mimi."

Dereva aliacha kutafuna. "Mbele?"

"Mbele."

"Kuna giza humo. Hujui njia."

"Wewe unaijua. Utakaa nyuma unielekeze."

Dereva aliangalia viatu vyake, na polepole uso wake ukaanza kufunga, uleule uso wa kwenye kochi, na Mama Sare akaona kabisa jinsi mume wake anavyorudi alikotoka. Moyo ukamlipuka. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema basi, nilikuwa natania, kaa wewe. Angelisema, shati lingekuwa mbele yake tena, nao wangerudi nyumbani kwa amani. Akajikaza kisabuni. Akasimama, akaishika baiskeli upande wa mbele.

"Maisha yote umenisimulia," akasema. "Nimechoka kusimuliwa. Nataka kuona."

Dereva akanyanyua macho. Alimtazama muda mrefu, kofia iliyokaa upande, suruali ya sare yenye vumbi mpaka magotini, mikono iliyong'ang'ania usukani. Kisha akapangusa makombo kifuani.

"Nyuma sijawahi kukaa," akasema. "Sijui nitafanya nini huko."

"Utakanyaga. Si kazi ngumu, mimi nimeiweza."

Hapo akatabasamu, kidogo tu, upande mmoja. Akapanda siti ya nyuma, akalalamika kwamba ni ngumu, kwamba ni fupi, kwamba anaona mgongo tu. Mama Sare hakumjibu hilo la mgongo. Aliwasha taa ya baiskeli, akapiga moyo konde, akakanyaga.

Handaki liliwameza. Ubaridi ulimpiga Mama Sare kifuani, matone yakamwangukia mikononi, na sauti ya matairi ikawa kubwa kana kwamba kuna baiskeli kumi. Taa ilionesha kipande kidogo cha njia na basi. Usukani ulikuwa hai mikononi mwake, unasikiliza kila kidole.

"Nyoosha," sauti ya Dereva ilitoka nyuma, imara, sauti ya kazini. "Nyoosha hivyohivyo. Sasa inakuja kulia. Bado. Bado. Sasa."

Akageuza, na njia ikawa palepale alipoambiwa.

"Vizuri. Shuka nayo. Ukiona mwanga usifunge breki, iachie ikutoe. Nje tu kata kushoto."

Mwanga ulianza kama kifungo cha shati, ukawa sahani, ukawa mlango. Mama Sare alikuwa anahema. Alikanyaga mara ya mwisho, akaacha miguu itulie, na handaki likawatema nje kwenye jua.

Ilimrukia. Hakuna namna nyingine ya kusema. Pale mbele palipokuwa giza palikuwa bahari, kutoka mwisho huu wa macho mpaka mwisho ule, na ilikuwa buluu yenye vipande vya fedha, na ilikuwa juu kuliko alivyotegemea, imesimama mbele yake kama ukuta. Alisahau kupumua. Alisahau kona. Kisha akaikumbuka, akakata kushoto, na mikono yake, bila kumuuliza mtu, ikafunga breki zote mbili.

Baiskeli ilisimama kwa kelele katikati ya kona.

"Kuna nini?" Dereva akaruka chini. "Mbona umesimama? Hapa hatusimami."

"Mimi nimesimama."

"Hapa hapasimamwi, mama. Tangu reli ijengwe hapajasimamwa. Kuna taa ya ishara pale, upande wa mwamba, ukitoka tu macho yote kwenye taa, ni mteremko mrefu, ukichelewa kuiona umekwisha..." Alikuwa ananyoosha kidole kuonesha taa. Hapakuwa na taa. Palikuwa na shimo la nguzo lililozibwa kwa saruji.

Mkono wake ulibaki hewani. Mama Sare alimtazama, akautazama mwamba, akaitazama bahari iliyokuwa upande wa pili kabisa, na jambo likamwingia taratibu.

"Kwa hiyo bahari ulikuwa unaitazama saa ngapi?"

Dereva alikohoa. "Hivi," akasema, na akageuza kichwa kulia na kukirudisha, kufumba na kufumbua.

Mama Sare aliigeukia bahari. Zile rangi zote. Kijani, povu, shuka lililopigwa pasi. Miaka yote ile mwanaume huyu, roho mkononi, mabehewa yaliyojaa watu nyuma yake, alikuwa akiiba kitambo kidogo kiasi hicho, akakibeba mpaka nyumbani na kumpa yeye. Mapenzi yalimjaa kifuani mpaka yakamuuma. Akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa mawe, mahali ulipobomoka na kuwa wa kifuani.

"Njoo. Leo hakuna taa."

Wakaegemea ukuta. Upepo ulikuwa na chumvi. Chini kabisa mawimbi yalipanda kwenye majabali na kushuka, na juu ya ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini ilikaa ngome kubwa ya mawe ya rangi ya asali, ina minara pembeni na ngazi pana zinazoteremka mpaka majini. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye kuta zake. Ndege weupe walikuwa wanaizunguka.

Dereva aliitazama kwa muda. "Ile wamejenga lini?" akauliza.

"Ipi?"

"Ile nyumba kubwa. Haikuwapo."

Mama Sare alikuwa amekwisha kusoma kibao kilichobandikwa ukutani. Alijitahidi asicheke, lakini kicheko kilimtoka puani. "Mzee, ngome hiyo ilikuwapo kabla ya reli. Ilikuwapo kabla ya babu wa babu yako."

"Haiwezekani."

"Imeandikwa hapa."

Dereva akasoma kibao, akaitazama ngome, akakisoma tena. Kisha akavua kofia. Alisimama pale kifua kimeegemea mawe, macho yakitembea polepole kutoka kwenye minara mpaka kwenye ngazi, kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye maji, kama mtu anayekula baada ya njaa ndefu na hataki kumaliza haraka. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. Mama Sare naye aliegemea kando yake. Hakuwa na haja ya kueleza kitu. Wale vijana wa chuo walitokea kwenye handaki, wakapiga kengele, wakawapita mbio na kuteremka kuelekea pwani, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

Jua lilikuwa limeanza kusogea walipokumbuka kwamba binti yao anawasubiri chini na pikapu. Mama Sare aliishika baiskeli, akaielekeza kwenye mteremko. Dereva akaweka mkono juu ya usukani.

"Turudi mle ndani," akasema.

"Handakini? Kufanya nini?"

"Tuje tena."

"Ni mlima kurudi. Tutakokota."

"Tutakokota."

Alikuwa amekwisha kuigeuza, mashavu bado yana maji, anatabasamu mpaka fizi. Mama Sare alimtazama na kuona hana namna ya kumkatalia. Akashika siti, wakaanza kusukuma kuelekea kwenye giza. Walipofika mdomoni akasimama, akaurudisha usukani upande wa mume wake.

"Haya, kaa mbele. Zamu yako uione vizuri."

Dereva alitikisa kichwa, akazunguka, akapanda siti ya nyuma.

"Kaa wewe," akasema. "Mimi nikikaa mbele sitasimama. Najijua."